Donge la Ghalani

Februari ile, Kutaisi, theluji ikigeuka tope,
kaka yangu Nodari alishikwa na homa, akalisingizia tanuri.
Miaka kumi na minane anainamia kinywa kile cha udongo
akibandika mikate ukutani kwa kofi:
kwa nini joto lisimwingie hata mara moja mifupani?
Vipele vya kifuani, cheche.
Koo, moshi.
Tezi za shingo akazifunika kwa skafu ya marehemu baba.

Siku ya kumi homa ikajiondokea. Akala, akapiga mluzi.
Mimi dirishani nikahesabu chenji, nikashukuru.

Nesi Lamzira hakumuuliza ni nani. Alimuuliza ni lini.
Kisha: "Kipimo hiki hakimwoni mwizi,
huwaona mbwa waliokwisha kuamka.
Wako huenda bado wamelala. Rudi baada ya wiki nne,
na hadi hapo mlinde mwenzio kana kwamba umekwisha jua."
Akarudi. Mistari miwili.

Aliniambia kati ya magunia ya unga.
Nami, Mungu anisamehe, usiku uleule
nikamtengea kikombe. Cha bluu, chenye ufa.
Alikiona. Hakusema neno.

Alikanda donge moja, akaligawa mabakuli mawili:
moja kando ya tanuri, jingine ghalani chini,
kule ambako hata panya huvaa koti.
Alfajiri akanishika mkono kunionyesha.
La juu limefura, limemwagika mezani.
La chini limejikunyata vilevile alivyoliacha.
"Chachu ni ileile," akasema. "Haikufa. Imenyimwa joto.
Kidonge changu ndiyo baridi yenyewe.
Nikikiacha, itaumua."

Saa tatu usiku simu yake hulia, hata tukiwa na wageni,
na kwetu mgeni ni wa Mungu, haachwi mezani.
Yeye huinuka. Humeza. Hurudi kumalizia kisa.

Mwezi wa saba maabara ikaandika: havionekani.
Nilitaka kupiga vigelegele. Akanitazama kwa jicho la mwokaji:
kutoonekana si kutokuwepo, dada,
ila sasa nimpendaye simwambukizi.
Kisha akanigombeza kwamba nimesahau chumvi.

Kile kikombe cha bluu sikukitupa.
Ndicho ninachonywea chai mimi,
ufa ukinigusa mdomo kila asubuhi.