Lita Mia Tisa

Winnipeg, Januari. Nje baridi ya kupasua midomo;
sebuleni mimi, vioo vitano,
mirija kumi na moja ya silikoni.

Zabibu mlangoni, mikono kiunoni:
"Sakafu itabeba?"
Tani moja na ushei. Nimetia nguzo tatu huko chini.
"Hesabu zako nazijua."

Kioo hakitaki pupa. Nilikipangusa kwa spiriti,
nikakaba pembe kwa mikanda ya mizigo,
nikawaachia siku saba:
fungate ya gundi na kioo.

Usiku wa kujaza tulitandika magazeti.
Alfajiri, doa moja, kubwa kama sumni.
Nikamwaga yote. Nikakwangua. Nikaanza upya.
Zabibu hakusema neno;
alileta uji.

Maji ya mji huu laini mno, nikatia magadi.
"Magadi ya maharage yangu?"
Hayo hayo.

Leo wameingia kumi na wawili,
dola arobaini mmoja,
wazaliwa wa matangi ya Florida,
asili yao ziwa letu, Kigoma,
wasilolionja.

Zabibu akainama, akawaamkia kwa Kiha.
Mmoja akarudi nyuma ya jiwe,
kama mjukuu aliyeletewa bibi
asiyemjua.