Kona ya Deni

Tuliondoka Fort Portal umande haujakauka,
mimi usukani, baba pembeni,
kofia yake ya kazini magotini,
ingawa kazini hajaenda tangu mwaka ule
greda lake lilipouzwa kwa kilo, chuma chakavu.

Gari si letu. Ni la shemeji,
na shemeji amesema mara tatu: breki zisikilize.

Mashamba ya chai yamenyolewa sawasawa,
kichwa baada ya kichwa, kama wavulana wa bweni.
Karugutu tukanunua gonja, za moto, ndani ya gazeti,
tukashika kushoto.
Hapo barabara ikaanza kujikunja
na baba akaanza kusema.

"Hii ni Kona ya Sufuria.
Sufuria ya mpishi Mbusa ilibingirika toka hapa
na maharage ya watu arobaini;
tukaisikia ikigonga, ikigonga, kisha kimya.
Tulilala na njaa tukicheka.
Na hii ni Kona ya Mkwe:
unaijia polepole, macho chini, huna la kusema."

Nikashusha gia ya pili.
Macho chini. Sikuwa na la kusema.

Ukuta wa mlima ulikuwa upande wake,
bonde upande wangu.
Pale Buranga ukungu ulipochanika
Semliki ikajitokeza huko chini kabisa,
mto uliolala ovyo kama kamba aliyoitupa mtu,
msitu, halafu msitu, halafu vilima vya buluu.
"Baba, tazama Kongo."
"Kongo ipo," akasema, bila kugeuka.
Alikuwa anakagua mtaro.

Miaka kumi na tisa alipanda na kushuka hapa
jicho kwenye ncha ya kisu cha greda,
inchi moja juu, inchi moja chini,
udongo mwekundu ukimwagika pembeni kama unga.
"Hata siku moja hukutazama kule?"
"Ningetazama kule," akasema, "ningekuwa kule."

Kisha: "Simama."

Kona ya Deni. Unailipa Aprili,
mvua inakuja kudai tena Novemba.
Sasa ina lami, ina mstari mweupe,
ina vyuma vya kuzuia wasiosikiliza breki.
Mzee Thembo, miaka sabini na mitatu,
akapiga goti kwenye nyasi mbichi
akaingiza mkono ndani ya kalavati hadi begani.
Nilimshika koti kwa nyuma.
Nyani watatu walikaa juu ya chuma
wakitukagua kama watu wa wizara.

Yakatoka majani. Ikatoka chupa ya soda.
Kikatoka kiatu cha mtoto, cha kushoto, buluu.
Yakatoka maji meusi, yakakohoa,
yakasimama kidogo,
yakatoka tena, mekundu, mekundu, meupe.

Ndipo akainuka.
Mgongo ulimlazimisha kuinuka kwa mafungu,
na fungu la mwisho lilimgeuza,
akajikuta uso kwa uso na bonde lote.

Gari moja likapita. Lori la ndizi likapita, likapiga honi.
Hakusogea.
"Na hii yote," akaniuliza, "ilikuwepo?"

Sikumjibu. Nyani mmoja alikuwa amefungua gazeti letu
na anakula gonja bila haraka.

Tukaanza kuteremka kuelekea Bundibugyo,
kakao imeanikwa kando ya lami,
harufu kali, ya pombe changa na ya udongo,
ikiingia dirishani.
Baba alinyoosha shingo mbele yangu akihesabu:
moshi ule, paa lile, mto umeng'aa, umejificha, huo tena.
Mkono wa shati lake ulidondosha matope
juu ya kiti cha shemeji, tone, tone.
"Mwanangu, hebu tazama. Tazama!"

"Nikitazama kule, baba,
tutakuwa kule."

Akacheka hadi akavaa kofia.
Kona nyingine ilikuwa inakuja, kali, haina jina.