Nusu Mzunguko

Kililetwa juu ya mkokoteni,
kimefungwa kwa neti kuukuu ya dagaa,
vijana wanne wa Mabatini wakibishana
kama ni kabati au ni jeneza.
"Ni kinanda," nikasema. "Hiki hujipiga chenyewe."
Wakacheka. Kitu gani hujipiga chenyewe
hapa Mwanza, ambako hata ngoma
hailii mpaka ipashwe moto?

Nyanzala alifika nyuma yao kwa miguu,
pochi ameishika kwa mikono miwili.
"Mwangaluka, fundi. Ni cha baba."
Kisha, baada ya kutafuta neno:
"Hakikuwa chake. Ila ni chake."

Nikakifungua tumbo.
Wadudu wa ziwani, wale wanaopaa kama moshi
juu ya maji na kufa kabla ya chai,
wamejaa kwenye mirija, wakavu, wepesi,
pishi mbili. Nilipima.
Panya alizalia kati ya nyundo za sauti nene.
Na mivukuto, ndiyo mapafu ya kitu hiki,
ngozi yake ukiigusa inageuka ugoro.

Gundi ya dukani haikushika.
Ngozi inataka gundi inayokubali kukunjwa.
Basi alfajiri nikashuka Mwaloni
kumwomba Bwire bondo moja la sangara.
Akanitazama kama nimemwomba figo.
"Unajua hili linapandishwa ndege?"
"Najua. Nipe lililochanika."
Nikalichemsha kwa mkaa uliofifia
hadi likawa uji unaonuka ziwa,
nikabandika ngozi mpya ya mbuzi, mkunjo kwa mkunjo.

Miezi mitatu. Mirija themanini na minane.
Gombo la karatasi mchwa walilitoboa
pale ambapo mtunzi hakutoboa;
matundu yao niliyaziba moja moja
kwa karatasi ya sigara.

Nikamwita. Nikaketi, nikakanyaga.
Vibao vikaanza kuzama na kuibuka
bila vidole. Wimbo ukatoka
umenyooka kama lami mpya.
Mlangoni vijana waliacha kucheka.
Yeye alisikiliza hadi mwisho.
"Umetengeneza vizuri," akasema. "Lakini siyo."

Siyo nini?

Ndipo akanieleza ile nyumba ya Isamilo,
mnunuzi wa pamba, Jumamosi usiku, wageni na bilauri zao,
na Lugembe, baba yake, katika nguo nyeupe za kazi,
ameketi anakanyaga.
Miaka kumi na mmoja ya kupiga kinanda
na usiruhusiwe kugusa kibao hata kimoja!
Mguu wa kushoto ulivunjwa na robota la pamba,
ukaunga vibaya.
Kwa hiyo wimbo ulikuwa na mahali pa kujikwaa,
na yeye, mtoto, nje chini ya dirisha,
alidhani ndivyo ulivyotungwa.
Amewabembelezea wanawe hivyo. Wajukuu pia.

Sijawahi kuombwa niharibu nilichotengeneza.
Nilitoka nje, nikavuta sigara nzima,
pamoja na karatasi yake.
Aliyenifundisha kazi, kwenye saa za ukutani,
alikuwa akitupiga kofi kwa sekunde moja iliyopotea.

Nikarudi na bisibisi.
Kushoto, chini, kuna springi inayorudisha kanyagio.
Nikailegeza robo mzunguko.
Akatikisa kichwa.
Robo nyingine.

Akavua ndala, akaniondoa kitini,
akaweka miguu yake mwenyewe.
Hatua tatu, nne,
kisha pengo dogo, kama mtu anayepanda ngazi
na mzigo asiotaka kuutua,
kisha tena.

"Kumbe hakijipigi," kijana mmoja akanong'ona.

Bei sikuitaja siku ile.
Nilisimama, kiganja ubavuni mwa kinanda,
na ndani ya mbao nikasikia ngozi ya mbuzi
na bondo la sangara
vikijaa, vikisita, vikijaa.