Kitufe Kisichojulikana

Umeme umekatika saa mbili kasoro.
Newala imebaki na ukungu wake,
na mimi na hii laptopu ya mtumba
niliyouziwa Mtwara mjini na fundi Chilumba,
aliyeapa kwa mama yake kwamba haina tatizo,
ila vitufe vya juu, akasema, vina ukaidi kidogo.

Betri asilimia ishirini na sita.
Wakulima mia tatu na kumi na wawili
wanangoja majina yasomwe kesho, malipo ya mnada wa pili,
na kioo kinawaka kama ukumbi wa harusi,
kinakunywa chaji
kama udongo wa huku unavyokunywa mvua.

Nabonyeza Fn pamoja na kile chenye kijua kidogo.
Kimya.
Nabonyeza tena, kwa adabu. Tena, bila adabu.
Cha sauti kinafanya kazi.
Cha kuzima intaneti kinafanya kazi hata usipokigusa.
Kijua, hapana.

Sasa, mfumo huu ni huria:
hauuzwi, haufichi,
ukiuuliza unajibu, hata kama jibu halikufai.
Nikafungua dirisha jeusi, nikaomba kumbukumbu za kiini,
na mstari wa mwisho (nautia katika lugha yetu) ukasema:

        Kitufe kisichojulikana kimebonyezwa.
        Kipe namba, kijulikane.

Nikaacha kibodi.
Kumbe ilikuwa inasikia.
Muda wote ule nikibonyeza, nikitukana ukoo wa Chilumba,
ilikipokea kila kidole,
ikaandika saa, dakika, sekunde,
ila haikuwa na jina la kuniitikia.

Hapo nikamkumbuka Bi Somoe Nangumbi wa Kitangari,
aliyesimama dirishani pangu mchana,
magunia manne, daraja la kwanza,
karatasi ya mizani ameifunga kwenye ncha ya kanga,
na mimi, macho kwenye kioo:
"Mama, mfumo haukutambui."
Akauliza, "Lakini korosho umeziona?"

Nilikuwa nimeziona. Nilizishika.

Basi. Kijua cha kushusha mwangaza
mashine inakifahamu kwa alama tu, herufi na tarakimu,
kama mtoto wa jirani unayemjua kwa kikohozi.
Kazi yake ni namba mia mbili ishirini na nne.
Nikaviunganisha: amri moja, neno la siri, ingiza.
Nikabonyeza.
Mwanga ukashuka ngazi, hatua moja, nyingine,
ukabaki wa kutosha herufi na si zaidi,
na wadudu wakapoteza hamu.
Nikacheka peke yangu, nikamenya ming'oko iliyopoa.

Orodha iliisha betri ikiwa na asilimia tatu.

Alfajiri umeme umerudi. Nawasha, nabonyeza:
imesahau.
Imesahau kabisa, inaniwakia machoni.
Amri niliyoipa usiku ilikufa na usiku,
maana cha kusemwa tu hakivuki kuzimwa;
lazima kiandikwe, chini kabisa,
kwenye faili linalosomwa mashine ikiwa bado inajinyoosha.
Mistari miwili. Wa pili unaanza na nafasi moja tupu,
na ukiisahau nafasi hiyo, hausomwi.
Niliisahau. Nikarudia.
Nikazima, nikawasha, nikabonyeza, ukashuka.
Nikazima tena, kwa kutoamini.

Kisha nikafungua daftari la wakulima, nikateremka hadi N.
Alikuwepo.
Nangumbe, Sumoe, Kitangari, magunia manne,
herufi nilizozipiga mwenyewe mwezi wa nane
nikiwahi chakula.
Mbili tu. Nikazibadilisha. Nikahifadhi,
nikafunga, nikafungua kuhakikisha zimebaki.

Saa mbili alikuwa wa kwanza dirishani,
umande kwenye kandambili,
ameshaanza kuifungua ncha ya kanga kwa meno.
Nikamwambia aiache.