Samaki wa Likizo

Ndahani, karani wa ardhi, karudi toka Mafia
na barafu iliyomwishia Gairo,
na samaki aliyemvua kwa mshipi wa kuazima
akaona haya kuuliza jina lake.

Nkuhungu nzima tukainamia beseni.
"Perege wa Mtera," nikasema, "kapigwa na jua."
"Perege ana mdomo wa kubusu hivi?"
Fundi Chilewa akamshika shina la mkia,
akamwachia: kidole kimechanika,
damu ndani ya maji.

Siwema, nesi, mzaliwa wa Kilindoni,
hakumtazama samaki. Alisoma kidonda.
"Kangaja."

"Kangaja si chungwa dogo?"
"Hilo halina wembe mkiani."

Usiku tukamla kwa ugali wa uwele,
Fundi, siku hiyo tu,
kwa mkono wa kushoto.