Rangi ya Wacław

Asubuhi ya tatu Ursus imegoma:
kikohozi kimoja, tk, kisha kimya,
na viazi bado viko ardhini,
na jalidi imeshabisha hodi Podlasie.

Genowefa hamwiti fundi. Fundi atauliza
mzee yuko wapi, kisha akumbuke, kisha aombe radhi.
Anachukua mita.

Betri imelala kwenye chaja usiku kucha:
kumi na mbili na nusu. Nzima, basi.
Injini inanguruma. Kumi na mbili na nusu ileile.
Mkanda umekaza, brashi za dainamo hazijaisha,
na ile taa nyekundu ya chaji
inamkodolea jicho kama jirani mbea.

Anashika kipande cha waya:
ncha moja kwenye boksi la kidhibiti chaji,
ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini.

Taa ikazimika.
Mita ikapanda: kumi na nne.

Lo!

Nyuma ya boksi, chini ya boliti, rangi.
Nyekundu, nene, mikono miwili,
ile aliyoipaka Wacław kabla ya harusi ya Jolanta,
ulimi nje, brashi ya kuchorea mayai ya Pasaka,
akisema hata mashine kongwe inastahili suti.
Akapaka mpaka pale
chuma kilipotaka kugusana na chuma.

Anakalia ndoo. Anacheka,
halafu hicho si kicheko tena.

Msasa umo mfukoni.
Anakwangua padogo tu,
duara la boliti moja,
hata unywele usizidi.