Eleza kwa Maneno Mia Tatu

Wanauliza: kwa nini uhandisi wa nyuklia,
kwa nini usalama wa vinu, kwa nini wewe.
Ni saa nne usiku, Katuba, umeme umekatika
tangu jioni; simu ina asilimia kumi na tisa.

Nimeandika: "Tangu utotoni nilipenda sayansi."
Nimefuta. Si kweli.
Utotoni nilipenda mikate ya mafuta
na kumvuta mkia mbwa wa babu.

Kweli yenyewe haienei kisandukuni:
Babu Kyembe aliteremka shimo la Shinkolobwe
na koleo, kaptula, na mikono mitupu.
Siku moja akarudi na jiwe la njano, zuri.
Nyanya akalizuilia mlango miaka thelathini
upepo wa Agosti usiubamize.
Mawe wenzake yalipanda treni, yakapanda meli,
yakafika kwa watu waliokwisha kusoma habari zake.
Jiwe lilipata safari kabla yetu.
Sisi tulibaki na kikohozi cha babu,
ambacho daktari wa kampuni alikiandika: tumbaku.
Babu hakuvuta tumbaku.

Mwaka wa tatu, pale Kasapa, niliazima kipimo cha maabara,
nikakisogeza mlangoni.
Kikaanza kualika kama bisi sufuriani.
Mama akauliza, kinasema nini?
Sikumjibu. Nilikwenda kutafuta tofali.

Halafu kuna mjomba Monga,
aliyelala na mbabula chumbani Juni ile ya baridi,
dirisha kaliziba kwa gunia.
Asubuhi makala yalikuwa majivu, naye hakuamka.
Tangu hapo mama huitoa mbabula nje kabla ya sala,
hugusa mlango, hugusa dirisha,
huweka ndoo ya maji karibu, kisha huigusa tena.
Ukimuuliza nani kamfundisha, atakuambia: msiba.

Na maharage yake: huyaepua, huyafunika, huyaacha.
Moto umeondoka, chungu bado kinapika.
Profesa alipochora ubaoni
kinu kilichozimwa ambacho hakikubali kupoa,
kinachodai maji leo, kesho, mwezi ujao,
darasa zima liliinamia madaftari.
Mimi nilicheka kwa sauti, nikatolewa nje.
Nilikuwa nimemwona mama ubaoni.

Swali la kumi na nne: je, nchi yako ina kinu?
Kimoja, cha utafiti, Kinshasa. Kimelala miaka mingi.
Nimeongeza: kilicholala nacho kinataka mlinzi.

Nafasi ni mbili, kwa bara zima.
Kalasa wa Ruashi naye ameomba.
Jana alinisahihishia Kifaransa changu,
nami nikamkopesha betri ya kuchajia simu,
tukaagana barabarani bila kutakiana heri,
kila mmoja akiogopa kudanganya.

Wanataka pia mdhamini:
mtu mwenye cheo, anayenijua,
atakayeahidi kwamba nitarudi.
Mkuu wa idara yuko safarini. Padri anataka barua kwanza.
Mama, anayechambua mchele kwa mwanga wa simu yangu,
hakuinua kichwa:
"Andika jina yangu.
Miye shiyaunguza chungu hata siku moja."

Cheo? wanauliza.
Nimekaa nacho kitambo, kidole hewani.
Nimeandika: mlinzi wa moto.

Asilimia nne.
Maneno yamezidi kumi na moja.
Nimefuta jiwe. Nimelirudisha.
Nimefuta "kwa heshima na taadhima"
na yote yaliyokuwa yamepiga magoti nyuma yake.